Bwawa Lisilo na Chura

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mvua ilikuwa haijaonekana kwa majuma kadhaa, na asubuhi hiyo kulikucha na ukungu mwembamba, bila upepo hata wa kuzima kibiriti. Ndiyo maana harufu ilikuwa imetulia juu ya kisima cha zahanati kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

Mpelelezi wa idara ya mazingira aliinama, akashika magoti, akavuta pumzi. Ofisini kwake walimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kana kwamba anaihoji. Alivuta pumzi mara ya pili, kisha akanyanyuka.

"Sista, hiki kisima kinanuka au kinanukia?"

Nesi mkuu wa zahanati, mama mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alicheka bila furaha. "Hapo ndipo tulipopotea, afande. Sisi tulidhani kinanukia. Maji yakitoa harufu ya dawa, si maana yake vijidudu vimekufa? Tukayaamini. Tukaoshea vidonda. Tukawapa kina mama waliotoka kujifungua wanywe. Kufumba na kufumbua, wodi nzima inaharisha."

"Kuna aliyefariki?"

"Mungu ametuepusha. Lakini kuna kichanga mmoja bado yuko kwenye dripu, na mama yake hataki hata kuniangalia usoni."

Kando ya kisima alikaa mwanamume mwembamba, kofia yake ameifinyanga mkononi mpaka imepoteza umbo. Huyo ndiye fundi wa maji wa zahanati. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kulinda kisima hicho na kukitia dawa kwa kipimo. Sasa alikuwa amesimamishwa, na kesho yake asubuhi alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu. Shtaka lilikuwa moja tu: kwamba amezidisha dawa akaharibu maji. Akionekana ana hatia, kazi imekwenda, na polisi watamchukua kutoka mlangoni mwa kamati.

"Mara ya mwisho ulitia dawa lini?" Taratibu alimuuliza.

"Tangu waniondoe sijakigusa. Kufuli walibadilisha, funguo anayo sista."

"Ninayo hapa," nesi alisema, akajipapasa mfukoni. "Hata mimi sijaweka kitu."

"Na harufu imepungua?"

Wawili hao walitazamana. "Imezidi," nesi alijibu. "Tangu juzi hapa pamekuwa kama chumba cha upasuaji."

"Iliwahi kuzidi namna hii kabla?"

Nesi alifikiri. "Mwezi wa kwanza. Nakumbuka kwa sababu ya magari. Yalijaa kule juu hotelini, wakubwa walikuja kuwapa ile nembo ya jani, ya hoteli inayotunza mazingira. Nami nikasema, ona wenzetu wanapewa tuzo, sisi tunapewa kichefuchefu."

Taratibu aligeuka kutazama mlimani. Hoteli ilikuwa hatua chache tu juu ya zahanati, nyeupe, imezungukwa na miti. Ukutani waliandika kwa herufi za kijani zilizosomeka hata kutoka kisimani: HAPA KILA TONE HURUDI ARDHINI LIKIWA SAFI.

Ijumaa iliyopita yeye mwenyewe alipiga simu hotelini, akawaambia kwamba Jumanne atakuja kukagua kama wanastahili kuendelea na nembo hiyo. Na tangu juzi kisima kinanuka. Mwezi wa kwanza wakubwa walikuja, kisima kikanuka. Kilichokuwa kikichafua maji haya kilijua ratiba ya wageni rasmi.

Hakusema hayo kwa sauti. Aliteka maji kwenye chupa ya kioo, akaifunga.

"Nenda kwa amani huko juu, afande," fundi alisema. "Lakini hutakuta uchafu. Mkuu wa usafi wa pale ni dada yangu wa tumbo moja. Yule hata ukimpeleka jehanamu, ataanza kwa kupiga deki."

*

Meneja wa hoteli alimpokea ngazini. Alikuwa kijana mwenye suti iliyomkaa sawasawa na kibati cha jani la kijani kifuani.

"Karibu mzee wetu! Tungetandika zulia jekundu, lakini rangi ile haiendani na mazingira." Alicheka mzaha wake mwenyewe. "Chai? Kahawa?"

"Majitaka," alisema Taratibu.

"Samahani?"

"Nianze na majitaka. Chai baadaye."

Meneja alimpeleka nyuma ya jengo, na hapo ndipo lilipokuwa bwawa la matete ambalo hoteli ilijivunia kuliko vyumba vyake. Maji yote ya vyoo, mabafu na dobi yaliingia upande mmoja, yakapita polepole katikati ya mawe na mizizi ya matete, yakatoka upande wa pili kwenda kwenye mchirizi ulioshuka mpaka kando ya kisima cha zahanati. Ukingoni walijenga ukumbi wa mbao, na wageni walikaa hapo wakinywa kahawa mbele ya uchafu wao wenyewe bila kujua.

"Umeona? Hakuna harufu mbaya, hakuna mbu. Hata chura hakuna," meneja alisema. "Wageni wanalala kama watoto."

"Hongera," alisema Taratibu, na jicho lake likabaki kwenye matete.

Alikuwa amekuja na shaka yake tayari mfukoni. Alishakutana na hoteli nyingine zenye bwawa la maonyesho mbele na bomba la siri nyuma. Basi aliuzunguka ukuta wa bwawa kwa miguu, akipekua majani kwa fimbo, meneja akimfuata huku akijipangusa viatu. Upande wa chini, chini ya kichaka, fimbo iligonga kitu kigumu.

Bomba.

Meneja alikohoa. "Hilo ni la mvua tu, mzee."

"Kila mtu husema ni la mvua."

Taratibu alipiga magoti. Mdomoni mwa bomba buibui alikuwa ametandaza utando wake, mzima, bila tundu, na katikati ameketi mwenyewe kama mwenye nyumba. Vumbi lilikuwa limetanda ndani. Maji yangepita hapo hata mara moja, utando ule usingekuwepo. Mpelelezi alijiinua na kujikung'uta, aibu kidogo ikimpanda masikioni. Bomba lilikuwa la mvua kweli, na mvua haikuwa imenyesha.

"Nilikwambia," meneja alisema, tabasamu likimrudi. "Sisi hatuna siri."

Basi kama hakuna njia ya mkato, majitaka yote yalipita bwawani. Na kama yalipita bwawani na bado yakafika chini yakiwa machafu, ugonjwa ulikuwa ndani ya bwawa lenyewe.

Taratibu alirudi mahali maji yanapoingilia. Pale ndipo uchafu ulipo mwingi, na kwa matete uchafu ni chakula; yalipaswa kuwa manene na marefu kupita yote. Yalikuwa mafupi, ya njano, yameinamisha vichwa. Mbali kule mwisho yalikuwa yamechangamka kidogo. Ilikuwa kama familia ambayo wanaokaa karibu na sufuria ndio wanaokonda.

Alijaza chupa ya pili kwenye maingilio, na ya tatu mahali maji yanapotokea. Alizifungua moja moja, akanusa. Kisha akaitoa ile ya kisimani. Zote tatu zilikuwa na harufu moja.

Wakati huo mtunza bustani alipita na toroli, mzee mfupi mwenye buti za mpira. Alipomwona mpelelezi alibadilisha njia, akazunguka nyuma ya stoo. Taratibu alimfuata kwa macho. Nyuma ya stoo, katikati ya mapipa ya taka na matanki ya gesi, kulikuwa na kitalu cha maua mekundu yaliyonawiri kwa namna ya ajabu. Hoteli nzima ilipandwa kwa ajili ya macho ya wageni. Mahali pale hapakuwa na mgeni aliyepita.

"Maua mazuri," alisema Taratibu.

"Mtunza bustani wetu anapenda kazi yake," meneja alijibu haraka mno.

*

Mkuu wa usafi alikuwa stoo, akihesabu mashuka kwa midomo. Wafanyakazi wote walimwita Mama Usafi, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake na kiatu chenye tope. Alipoona kitambulisho cha mpelelezi, aliweka mashuka chini.

"Umekuja kumkamata nani tena? Kaka yangu mmeshamla nyama, sasa mmekuja kuguguna mifupa?"

"Sijamla mtu, mama. Nimekuja kuuliza."

"Basi uliza. Lakini nikwambie mapema: kaka yangu hawezi kumdhuru hata sisimizi. Na huyo anayeharibu kile kisima, siku nikimtia mkononi, nitamkamua kama dekio."

Taratibu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwenye rafu zilipangwa chupa za sabuni, kila moja na picha ya jani na maneno *Mimea Mitupu*. Chini ya rafu, yakiwa yamefunikwa na turubai, yalisimama mapipa ya bluu. Lebo zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu.

"Chupa hizi zinajazwa kutoka wapi?"

"Hapo." Alionyesha mapipa bila wasiwasi. "Ile sabuni ya majani iliisha zamani. Haikuwa na nguvu hata ya kutoa chai kwenye kikombe. Meneja akaniletea hii. Akasema tujaze kwenye chupa zilezile, wageni wameshazizoea."

"Na lebo za mapipa alikwangua nani?"

"Yeye mwenyewe. Alivua koti, akakwangua. Nikamwambia baba, acha, nitakukwangulia. Akasema hii kazi ni yake."

Taratibu alifungua chupa moja, akadondosha tone kwenye kidole. Kilianza kumuwasha kabla hajaifunga. Harufu ilikuwa ileile ya asubuhi.

"Hii mnaitumia wapi?"

"Kila mahali! Vyoo, masinki, mabafu. Zamani tulikuwa tukitia kidogo. Halafu wageni wakalalamika: vyura wanapiga kelele, bwawa linatoa harufu. Meneja akaniambia, Mama Usafi, fanya unalojua, sitaki kusikia chura tena hapa. Nikaongeza. Kukawa kimya." Alijinyoosha kwa fahari. "Na tukisikia mkaguzi anakuja, tunamwaga ndoo kwa ndoo. Tangu Jumamosi wasichana wangu wamemwaga mpaka macho yamekuwa mekundu. Ulitaka uje ukute choo kinanuka, afande?"

"Yanakwenda wapi baada ya hapo?"

"Bwawani, na kutoka bwawani yanashuka. Ndiyo maana namwaga kwa moyo mweupe. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha tangu tukiwa nyumbani kwa mama: dawa huua vijidudu. Nikasema, acha hata maji yanayoshuka kwa wagonjwa wake yafike yakiwa yameshaoga."

Nje toroli ililia.

Taratibu alitazama mikono ya yule mama, ngozi imebabuka katikati ya vidole. Moyoni alimwomba Mungu ampe maneno yasiyoumiza zaidi ya ilivyo lazima. Kisha akasema tu, "Mama, tafadhali njoo bwawani. Nimemwita na kaka yako."

*

Walikusanyika kwenye ukumbi wa mbao: meneja, Mama Usafi na wasichana wake kadhaa, nesi mkuu na fundi waliopanda kutoka zahanati. Mtunza bustani aliitwa na sepeto lake.

"Baba," Taratibu alimwambia, "nichimbulie kidogo yale maua ya nyuma ya stoo. Leta ulichozika."

Mzee alimtazama meneja. Meneja akatazama saa yake.

"Mimi nilitumwa," mzee alisema.

"Najua. Nenda."

Alirudi na sepeto limejaa udongo, akaumwaga juu ya mbao. Ndani ya udongo mlikuwa na vifupa vyembamba kama njiti, vingi, vimeshikana.

Msichana mmoja alirudi nyuma. "Nini hivyo?"

"Vyura," mzee alisema. "Nilikuta wanaelea asubuhi moja, bwawa zima. Bosi akaniambia niwakokote kwa reki wageni hawajaamka, nizike, nipande maua juu."

"Vyura hufa, mzee," meneja alisema. "Kila kilicho hai hufa."

"Wote asubuhi moja?" Taratibu aliuliza.

Meneja alikigusa kibati chake.

Taratibu alizipanga chupa zake tatu mezani, na ya nne, yenye picha ya jani, kando yake. "Bwawa hili halisafishi maji kwa uzuri wa matete. Kwenye mizizi na mawe kuna vijidudu visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyokula uchafu. Ni wafanyakazi kama nyinyi, ila hawaombi likizo. Dawa hii haichagui. Imeua vya chooni, ikashuka ikaua vya bwawani, ikaua vyura. Tangu hapo bwawa ni sahani tu. Uchafu unaingia, uchafu unatoka, na juu yake umepakwa harufu ya dawa. Kule chini watu wakanusa, wakadhani ni usafi, wakanywa."

Fundi wa maji aliikunjua kofia yake polepole. Alikuwa ameelewa kabla ya wengine, na hakumtazama dada yake.

Mama Usafi alikuwa akitazama chupa. "Unasema..." Aliigusa ile yenye picha ya jani. "Kwa hiyo anayeharibu kisima..."



"Jamani, tusikuze mambo," meneja aliingilia. "Mimi sijamwaga hata kikombe. Aliyemwaga ni mkuu wa usafi, kwa uamuzi wake, kwa mikono yake."

"Na aliyekwangua lebo?" Taratibu aliuliza. "Aliyeona vyura wamekufa akapanda maua?"

"Hayo utayathibitisha vipi? Peleka chupa zako maabara."

"Nitazipeleka. Majibu yatachukua majuma." Taratibu aliwageukia wote. "Na kamati inakaa kesho. Kamati haitangoja chupa. Itasikiliza mtu, kama yupo wa kusema."

Meneja alishusha sauti, ikawa laini kama taulo jipya. "Mama Usafi. Tumefanya kazi pamoja vizuri, sivyo? Ukisema, utajifunga mwenyewe, na hoteli itafungwa, na hawa mabinti watakwenda wapi? Kaa kimya. Kaka yako akiachishwa kule, nampa kazi hapahapa. Mshahara mzuri kuliko wa zahanati."

Wasichana walitazama sakafu. Hapo ndipo fundi alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu apande kutoka zahanati.

"Dada, nyamaza," alisema. "Una watoto wanasoma. Mimi sina mtu wa kunililia. Nitakwenda mwenyewe kesho, na litakalokuwa na liwe."

"Wewe nawe umeanza lini kunipangia?"

"Nilikufundisha nusu. Nilikwambia inaua, sikukwambia inaua na vizuri. Acha nibebe."

"Mpumbavu mkubwa wewe," Mama Usafi alisema, na machozi yakamshuka. "Tangu utotoni unabeba ndoo zangu. Hii siyo yako."

Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazilaza juu ya meza kando ya chupa. Alijifuta uso kwa kiganja, akasimama wima kama anavyosimama akikagua vyumba. Aliwatazama mmoja mmoja: wasichana wake, mtunza bustani, nesi, meneja, mpelelezi. Mwisho alimtazama kaka yake.

"Nisikilizeni nyote, ili kesho pasiwe na wa kusema hakusikia. Asubuhi nitasimama mbele ya kamati. Nitasema ni mimi niliyemwaga, na nitasema nani aliyeninunulia mapipa na nani aliyekwangua lebo. Nitasema hata kama leo jioni geti hili litakuwa limefungwa nyuma yangu. Sista, yule mama mwenye kichanga kwenye dripu, nitamwendea leo kabla jua halijazama, nimpigie magoti, na akitaka kunitukana anitukane. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu, na mbele ya kaka yangu huyu. Nikirudi nyuma hata hatua moja, msiniitikie tena salamu."